Kujitoa Kwenye Ndoto ya Kutisha Ilhali Unajua Unaota: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kuna ndoto ambayo mwotaji anajua fika kwamba anaota. Hapa tutaiita ndoto ya kujitambua. Ikiwa nzuri, hakuna anayelalamika. Ikigeuka ya kutisha, mtu hubaki na swali linalomuuma: kama najua hii ni ndoto, mbona siamki?

Wanaoshindwa wengi hushindwa mahali pale pale. Kwanza, wanapambana na ndoto, na mapambano yenyewe yanaipa ndoto nguvu. Pili, wanadhani wameamka kumbe bado wamo ndani. Tatu, wanaamka kweli, wanageukia ubavu wa pili, usingizi unawapitia tena, na ndoto inaanzia ilipoishia. Hatua zilizomo humu zimepangwa ili kuziba mianya hiyo mitatu.

Tafadhali usiruke hatua ya kwanza hata ukiiona ya kitoto. Ukishaingia kwenye hofu ya ndotoni hutakuwa na utulivu wa kubuni mpango. Utatumia ule uliolala nao.

## Vitu vya kuandaa

- Taa ndogo unayoweza kuiwasha bila kuinuka kitandani.
- Saa ya kusoma kwa macho, isiyo ya kwenye simu. Ya namba inafaa zaidi.
- Maji ya kunywa, mahali ambapo mkono utayafikia gizani.
- Daftari na kalamu.
- Mto wa ziada wa kuweka mgongoni ili ulale kwa ubavu.
- Sentensi moja fupi ya kujiamsha, utakayoikariri. Nimeiandika katika hatua ya 1.
- Kama unalala karibu na mtu, makubaliano naye kuhusu ishara. Tutaifikia katika hatua ya 4.

Simu haimo kwenye orodha kwa makusudi. Mwanga wake na habari zake zitakunyima usingizi wa usiku uliobaki, na hofu itapata kitu kipya cha kushika.

## Hatua ya 1: Kariri mpango ukiwa macho

Mchana, au muda mfupi kabla ya kulala, jilaze chali dakika chache. Jione uko katika ndoto mbaya, mahali popote. Kisha sema taratibu, kwa sauti au moyoni: "Naota. Nasimama. Nakazia macho kitu kimoja. Naamka." Unaposema "nasimama", jione miguu imetulia. Unaposema "nakazia macho", kweli kazia macho sehemu moja ya dari, uhesabu hadi kumi bila kuyahamisha.

Rudia mara tano hivi, kila siku, mpaka sentensi ije yenyewe.

Kwa nini: Sehemu za mbele za ubongo, zile zinazotusaidia kupanga na kukumbuka tulichokusudia, hupunguza kazi wakati wa usingizi wa ndoto. Kujitambua ndotoni hurudisha sehemu ya uwezo huo, si wote. Ndiyo maana mtu anaweza kujua kabisa kwamba anaota na bado akakimbia chui asiyekuwepo.

Ongeza zoezi moja la mchana: bana pua kwa vidole, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Ukiwa macho, hewa haitapita. Ndotoni mara nyingi inapita, kwa sababu pua yako halisi haijabanwa na mtu. Fanya hivi mara kadhaa kwa siku, hasa ukishtuka au ukiona jambo la ajabu, ili mazoea hayo yakufuate usingizini.

Utajua umefaulu pale sentensi itakapokujia bila kuitafuta unapogutuka kwa sababu yoyote, hata ya mchana.

## Hatua ya 2: Ndotoni, simama kwanza

Umetambua kwamba unaota na hofu imepanda. Jambo la kwanza ni kuacha kukimbia. Simama pale pale. Usigeuke nyuma kutazama kinachokufuata.

Najua hili ni gumu. Kila kitu ndani yako kinakuambia ukimbie. Lakini ndoto hufuata matarajio ya mwotaji: ukitarajia mtu nyuma ya mlango, ukiufungua utamkuta. Anayekimbia anaendelea kutarajia kufuatwa, na kila kona anayokata inampa ndoto mandhari mpya ya kujenga. Aliyesimama anainyima ndoto kazi.

Kupiga kelele nako hakuaminiki. Wapo walioamka kwa kelele zao wenyewe, lakini mara nyingi sauti haitoki, au inatoka kama mnong'ono, na ule ukimya unaongeza hofu. Wakati wa usingizi wa ndoto ubongo hulegeza karibu misuli yote ya hiari ili tusitende tunayoyaota. Kwa hiyo miguu kuwa mizito na koo kukwama ni mambo ya kawaida, wala si ishara kwamba kuna kinachokushika.

Tahadhari kubwa: Usijaribu kamwe kujiamsha kwa kuruka kutoka juu, kujikata, kujichoma au kuingia barabarani. Utasikia ushauri kwamba ukianguka au ukifa ndotoni utaamka. Hatari yake haiko ndotoni. Siku moja unaweza kuwa macho, umechanganyikiwa na mang'amung'amu ya usingizi, ukadhani bado unaota. Chagua njia ambazo hata ukiwa macho hazikudhuru. Zote za hatua inayofuata ni za namna hiyo.

## Hatua ya 3: Toka kwa macho na pumzi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Zipo njia nne, na mpangilio wake una maana: anza na ya kwanza, ikikataa nenda ya pili.

### Njia ya kwanza: kazia macho kitu kimoja

Chagua kitu kisichosogea: kitasa cha mlango, msumari ukutani, jiwe. Kitazame bila kuhamisha macho wala kupepesa. Usikichunguze, usijiulize kinafunguka wapi. Kitazame tu.

Kitakachotokea ni hiki. Kitasa kitaanza kucheza, kama kwamba hakijaamua kikae wapi. Rangi yake itapauka. Kingo zitayeyuka, na ukuta ulio nyuma yake utapoteza umbo. Sauti zitafifia, pengine zikikatika moja moja. Kisha giza, au wekundu hafifu wa kope zilizofumbwa, na ndani ya giza hilo utahisi kitu ambacho ndoto haikuwa nacho: uzito wa shuka miguuni, shavu lililobanwa na mto.

Kwa nini inafanya kazi: Macho ni miongoni mwa misuli michache ambayo hailegezwi wakati wa ndoto, na mwendo wa macho ya ndotoni hulingana na mwendo wa macho halisi. Ndivyo mtafiti Keith Hearne alivyopata ishara kutoka kwa mtu aliyelala fofofo, huko Hull, Uingereza, mwaka 1975: waliafikiana mapema namna ya kuchezesha macho kushoto na kulia, na mwotaji akaifanya akiwa ndani ya ndoto. Mtafiti mwingine, Stephen LaBerge, alifanya kama hivyo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka michache baadaye. Usingizi wa ndoto ni usingizi wa macho yanayokwenda mbio. Ukiyatuliza, unatikisa mhimili wake. Mtafiti wa Ujerumani Paul Tholey alieleza njia hii ya kukaza macho kama namna ya kuimaliza ndoto kwa hiari.

### Njia ya pili: fumba na ufumbue

Fumba macho ya ndotoni kwa nguvu, hesabu polepole hadi tano, kisha yafumbue kwa mara moja ukiwa na nia ya kufumbua yale halisi. Kuna udhaifu mmoja: mara nyingine hufumbuka kwenye mandhari nyingine ya ndoto. Ikitokea hivyo usivunjike moyo. Rudia, au rudi njia ya kwanza.

### Njia ya tatu: pumzi na viungo vidogo

Pumzi nayo iko chini ya mamlaka yako, kwa kuwa kiwambo cha kupumulia, yaani msuli ulio chini ya mapafu, hakilegezwi. Vuta pumzi ndefu kwa makusudi, itoe taratibu, na wakati huo elekeza nia kwenye ulimi au kidole gumba cha mguu. Jaribu kukisogeza kile cha kitandani, si cha ndotoni. Kiungo kimoja kikishasogea kweli, mwili wote hufuata.

### Njia ya nne: lala ndotoni

Jilaze chini pale ulipo, fumba macho, usikilize giza tu. Inaonekana ni kujisalimisha kwa kinachokutisha, na ndiyo maana nimeiweka mwisho. Wengi hawaiwezi hadi wamezoea. Lakini ina nguvu, kwa sababu ndoto huishi kwa kuangaliwa.

### Usifanye haya ukiwa unataka kutoka

Wengi waliojifunza kuota kwa kujitambua walifundishwa mbinu za kurefusha ndoto: kusugua viganja, kuzunguka kama pia, kugusagusa vitu, kutazama huku na huko. Mbinu hizo zinafaa kwa kazi yake, na kazi yake ni kukubakisha ndani. Ukizitumia kwenye ndoto ya kutisha unaikaza zaidi. Nina hakika hiki ndicho kisa cha wengi kukwama: mikono inasugua yenyewe kwa mazoea, na ndoto inazidi kung'aa.

Swali la haki: si bora kumkabili anayekutisha? Wapo wanaoweza kugeuka, wakamwuliza "unataka nini?", na ndoto ikalainika hapo hapo. Ukijiona una utulivu, jaribu. Ukiwa umejawa na hofu, toka. Kutoka si woga, na hakuna deni unalobaki nalo kwa ndoto.

## Hatua ya 4: Ukiamka na mwili hausogei

Mara nyingine akili hutangulia kuamka, mwili ukabaki umelegezwa. Macho yamefunguka, chumba unakiona, lakini huwezi kuinua hata kidole. Unahisi kuna aliyesimama pembeni au kukalia kifua. Ndilo jinamizi, na anayetoka kwa nguvu kwenye ndoto ya kujitambua anaweza kukutana nalo.

Halidumu. Kwa kawaida ni sekunde kadhaa hadi dakika chache, na linaondoka lenyewe. Kifua kinahisi kubanwa kwa sababu misuli inayosaidia kupumua kwa kina bado imelegea, lakini kiwambo kinafanya kazi na hewa inaingia. Sura unazoziona ni mabaki ya ndoto yaliyomwagikia kwenye chumba halisi.

Fanya hivi:

1. Usijaribu kukaa. Kila jaribio linaloshindikana linapandisha hofu.
2. Chezesha macho kushoto na kulia mara kadhaa.
3. Toa pumzi ndefu kuliko uliyoivuta.
4. Sogeza ulimi ndani ya kinywa, kisha kidole kimoja cha mguu.
5. Kama kuna mtu karibu, pumua kwa haraka na kwa sauti. Mkubaliane mapema kwamba akisikia hivyo, akuguse bega na kukuita jina.

Asikutikise kwa nguvu. Kuguswa kidogo kunatosha.

Wanaolala chali hupatwa na jinamizi zaidi. Ule mto wa ziada wa mgongoni ni kwa ajili ya hili.

## Hatua ya 5: Hakikisha umeamka kweli

Ndoto ina tabia ya kujifanya imekwisha. Unaamka, unakiona chumba chako, unashukuru, unaenda kuwasha taa, nayo haiwaki. Ndipo hofu inarudi maradufu. Kuamka kwa uongo namna hii kunaweza kutokea mara mbili tatu mfululizo, na ndiko kunakowakatisha watu tamaa kuliko jambo lolote lililomo humu.

Kabla hujainuka, fanya majaribio matatu ukiwa bado kitandani:

- Pua. Ibane, funga mdomo, vuta hewa. Ikipita, unaota.
- Saa. Isome, geuza macho pembeni, isome tena. Ndotoni mara nyingi namba hubadilika au hazisomeki.
- Taa. Iwashe. Taa za ndotoni mara nyingi hukataa, au mwanga haubadiliki.

Fanya yote matatu. Jaribio moja linaweza kukudanganya, hasa ukiwa na hamu kubwa ya kuambiwa kwamba umeamka.

Ukikuta bado unaota, rudi hatua ya 3. Hujaanza upya: unajitambua, unajua njia, na kila safu unayotoka inakusogeza karibu na kuamka. Ukibaki na shaka, jichukulie kwamba uko macho, na usifanye chochote ambacho mtu aliye macho hapaswi kukifanya.

Utajua umefaulu kwa mambo ya kawaida kabisa: namba zilezile mara mbili, taa inayotii, mkojo uliokubana, shingo inayouma kwa jinsi ulivyolala.

## Hatua ya 6: Dakika 15 za kwanza

Moyo unaenda mbio, kijasho chembamba kinakutoka. Mwili umemwaga homoni za kujihami na zinahitaji muda kupungua. Keti, weka nyayo sakafuni, taa iwe inawaka. Kunywa maji. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita hadi nane, kwa dakika chache. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo.

Kisha taja kwa sauti ndogo vitu vitano unavyoviona chumbani. Hii si mazingaombwe. Inaipa akili kazi ya mahali ulipo.

Usirudi kulala papo hapo. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na vipindi vya ndoto hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ukilala ndani ya dakika moja unaweza kurudi moja kwa moja kwenye ndoto ileile. Kaa macho dakika 10 hadi 15, au mpaka moyo utulie na shingo ilegee.

Chukua daftari uandike mistari mitatu tu: nini kilitokea, nini kilikujulisha kwamba unaota, na njia ipi ilikutoa. Maelezo marefu usiku ule yanaweza kuichochea ndoto upya. Ya kina yasubiri mchana.

## Hatua ya 7: Badili mwisho wa ndoto

Hatua hii ndiyo inayopunguza ndoto zenyewe, si kukutoa ndani yake tu, na inafanyika mchana.

Chukua ndoto inayokurudia. Usianze na ile mbaya kuliko zote. Anza na ya wastani. Iandike upya ukibadili chochote unachotaka: mlango unafunguka kwenye mwanga, anayekufuata anapita zake, unakuta watu unaowapenda. Si lazima iwe na mantiki. Kisha tumia dakika 10 hadi 20 kila siku kuiona akilini ile ndoto mpya, bila kuirudia ya zamani. Endelea kwa wiki kadhaa.

Daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha mwaka 2001, katika jarida la tiba la JAMA, utafiti juu ya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono na walioteswa na ndoto mbaya. Waliofundishwa zoezi hili walipata ndoto chache zaidi na usingizi bora. American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani, nacho kinalipendekeza kwa matatizo ya ndoto za kutisha. Kama ndoto zako zinatokana na jambo zito lililokupata, tafadhali lifanye ukiwa na mtaalamu wa afya ya akili. Kulifukua peke yako usiku kunaweza kukuumiza.

## Hatua ya 8: Ondoa vinavyochochea

Angalia haya kabla hujailaumu nafsi yako:

- Kukosa usingizi. Ubongo ulionyimwa usingizi wa ndoto huulipiza kwa ndoto kali zaidi.
- Pombe. Hukandamiza ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha zikafumuka kuelekea asubuhi. Kuiacha ghafla baada ya kunywa sana kwa muda mrefu ni hatari. Hilo ni la daktari.
- Kengele za usiku. Wanaojiamsha saa chache kabla ya mapambazuko ili waote kwa kujitambua wanaweza kujiongezea pia ndoto mbaya na jinamizi. Simamisha zoezi hilo kwa wiki kadhaa.
- Dawa. Propranolol ya shinikizo la damu, baadhi ya dawa za mfadhaiko, mefloquine ya malaria na efavirenz ya VVU zinajulikana kuleta ndoto kali. Usiache wala kupunguza dozi mwenyewe. Mweleze aliyekuandikia, huenda muda wa kumeza au dawa yenyewe ikabadilishwa.
- Homa. Ikipanda, ndoto huchacha. Hii itapita na ugonjwa.

## Wakati wa kumwona daktari

Nenda kama ndoto za kutisha zinakuja kila wiki na zimeanza kukufanya uogope kulala. Nenda pia kama unapiga mateke, ngumi au kuanguka kitandani ukiigiza ndoto, maana hapo ule ulegezaji wa misuli wa wakati wa ndoto unaweza kuwa na hitilafu, na wewe au anayelala nawe mnaweza kuumia. Kukoroma kwa nguvu, pumzi kukatika usiku na kuzidiwa na usingizi mchana ni sababu nyingine.

Kama mchana, ukiwa macho, huna hakika kama unaota, au unawaza kujidhuru, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Beba daftari lako. Daktari atataka kujua mambo manne: ndoto huja saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, unatumia dawa gani, na aliyelala karibu nawe aliona nini. La mwisho wengi hawaendi nalo, kwa hiyo mwulize kabla hujatoka nyumbani.